Pointi za Krediti Kadi: Kwanza SGR, Ndege Baadaye

Wengi wenye krediti kadi hapa Nairobi wana pointi zimelala mahali na hata hawajui ni ngapi. Fungua apu ya benki yako sasa hivi, tafuta sehemu ya pointi, uangalie ziko ngapi, zinaisha lini, na ukizigeuza unapewa nini. Kama apu haionyeshi piga simu kastoma kea uulize bila kuzunguka: "Samahani dada, nina pointi ngapi, zinakufa lini, na nikizigeuza pesa ni shilingi ngapi?" Hilo swali la mwisho ndilo watu husahau na ndilo lenye maana, juu pointi elfu kumi zinaweza kuwa shilingi elfu kumi ama zikawa shilingi mia tano, inategemea benki imepanga aje, na hiyo mipango inaweza kubadilishwa katikati ya mwaka wewe ukisikia tu kwa SMS.

Msimamo wangu nauweka mapema ndio usisome ukitafuta siri. Pointi za benki ya hapa Kenya zinaweza kukulipia SGR, ile treni ya Mombasa. Ndege ya nje ni kazi ya maili, yaani pointi za shirika la ndege lenyewe, na hizo zinakusanywa kwa njia nyingine kabisa. Ukizichanganya utakaa miaka ukingoja Heathrow na huku pointi zinakufa bila kukufikisha hata Mtito Andei.

Mbona ushauri wa YouTube haushiki huku

Video nyingi ni za Wamarekani. Anakuambia chukua kadi, tumia dola elfu kadhaa miezi mitatu ya kwanza, upewe pointi 60,000 za kukukaribisha, uhamishe kwa shirika la ndege, umelala biznesi klasi ukienda Tokyo. Hadanganyi, kwao inawezekana. Pesa ya pointi hutoka kwa ile chaji mwenye duka anakatwa kila mtu akiswaipu, na Marekani serikali haijaweka kikomo kwa chaji ya krediti kadi, kwa hivyo benki inabaki na kitu cha kumrudishia mteja. Ulaya sheria ya 2015 iliifunga hiyo sehemu ya benki ya mwenye kadi kwa asilimia 0.3, ndio maana hata Mjerumani akitazama hizo video anasikia uchungu tu kama wewe.

Halafu huku kwetu kuna jambo lingine. Matumizi yetu mengi hayapitii kadi. Mama mboga, mathree, stima, tokeni za maji, kodi ya nyumba, michango ya harusi na matanga, zote ni M-Pesa, na M-Pesa haikupi pointi za benki. Kile kinachobaki cha kuswaipu ni supamaketi, mafuta, dawa, bima, intaneti na vitu vya mtandaoni. Hata ukiwa na mshahara mzuri bado ni kiasi kidogo.

Chukua kalamu tupige hesabu, na hizi namba ni za mfano, weka za benki yako. Tuseme wanakupa pointi 1 kwa kila shilingi 100, na kila pointi ni senti 50 ukigeuza. Unaswaipu 60,000 kwa mwezi. Hizo ni pointi 600, yaani shilingi 300. Kwa mwaka ni 3,600. SGR ekonomi Nairobi hadi Mombasa ni 1,500 tangu nauli zipandishwe Januari 2024, kwa hivyo hiyo 3,600 ni kwenda na kurudi, na 600 inabaki ya tuktuk na viazi karai. Fest klasi ni 4,500 njia moja, hapo haufiki. Na kama tiketi ya London ni 90,000, gawanya mwenyewe: miaka 25. Mtoto atakuwa amezaliwa, amesoma, ameoa.

Sasa geuza hiyo hesabu upande wa riba ndio uone balaa iko wapi. Umeacha ile 60,000 bila kulipa, na kadi yako inatoza asilimia 3.5 kwa mwezi. Riba ni 2,100. Umechoma pointi za miezi saba kwa mwezi mmoja tu, na bado deni liko. Kwa hivyo kabla uanze kuota treni, nenda benki uweke maagizo wakate deni lote, asilimia 100, kila tarehe ya kulipa ikifika. Wengi huachwa kwa kile kima cha chini ambacho benki inaandika kwa stetimenti na kukifanya kionekane ndio bili yenyewe. Sio bili. Ukilipa kima cha chini peke yake benki itakupenda sana, na hizo pointi wanazokupa ni pesa zako wanakurudishia kidogo kidogo. Ukikosa kulipa kabisa unapelekwa CRB, wale wanaoweka rekodi za wadeni, na siku unataka mkopo wa ploti ndio utajua.

Kama hujiamini na kadi, na hakuna aibu hapo, wacha kabisa. SGR inaweza kulipwa kwa kuweka 300 kila mwezi kwa chama ama M-Shwari, na unafika Mombasa siku ile ile na mwenye pointi.

Kuchukua kadi na kuitumia

Benki itataka kitambulisho, PIN ya KRA, pesilipu za miezi mitatu na stetimenti za miezi sita hivi. Kama umejiajiri na huna pesilipu, uliza kadi inayoshikiliwa na pesa yako, unaweka fiksi dipoziti na wanakupa limiti chini ya hapo. Usichukue kadi kwa sababu ya rangi. Uliza ada ya mwaka, riba kwa mwezi, wanaongeza asilimia ngapi ukilipa kwa dola, na pointi zina thamani gani. Ada ikiwa 3,500 na pointi zako za mwaka ni za shilingi 3,600, umefanyia benki kazi mwaka mzima kwa shilingi mia. Lakini ada huondolewa, haswa kama umeitumia kadi vizuri na umelipa kwa wakati. Mwezi mmoja kabla mwaka uishe unapiga simu: "Boss, nimetumia hii kadi mwaka mzima na sijawahi kuchelewa. Ile ada ya mwaka mnaweza kuniondolea, ama nirudishe kadi?" Sema kwa upole na unyamaze ungoje jibu.

Jua pia tarehe mbili za kadi yako, ile stetimenti inafungwa na ile ya kulipa. Kitu ukinunua siku moja baada ya stetimenti kufungwa unakaa nacho muda mrefu zaidi bila riba, kadi nyingine zinafika karibu siku 50. Bima ya gari ikikaribia kuisha hiyo ndiyo siku ya kulipa, juu bima ni pesa nyingi kwa mpigo mmoja na ni pesa ungelipa tu.

Vitu vya kuepuka. Kutoa pesa kwa ATM na krediti kadi, hapo hakuna siku za bure, riba na chaji zinaanza siku hiyo hiyo. Kutuma pesa kutoka kadi kwenda M-Pesa mara nyingi benki inahesabu ka kutoa keshi, usidhani umepata ujanja. Kamari haipewi pointi, mafuta kwa kadi nyingine hayapewi ama yanapewa nusu, soma ile karatasi. Na mwenye duka akikuambia "kadi ni asilimia tatu juu," mlipe na M-Pesa uende zako, hakuna pointi itakurudishia hiyo tatu.

Kugeuza pointi kuwa tiketi ya treni

Hapa ndio watu hukwama kwa sababu wanatafuta kitufe cha SGR kwa apu ya benki na hakipo. Wacha kukitafuta. Pointi za benki zako mara nyingi hutoka kwa sura mbili, pesa inayopunguzwa kwa deni la kadi, ama voucha ya supamaketi. Chukua ile yenye thamani kubwa kwa kila pointi. Kama ni voucha, nenda nayo ununue unga, mafuta ya kupika na sabuni, vitu vilivyokuwa kwa bajeti ya mwezi huo anyways. Halafu, na hii ndiyo sehemu wengi huruka, zile pesa ulikuwa utumie kwa hiyo shopping zitoe kwa M-Pesa siku hiyo hiyo ulipe tiketi. Ukizilaza zitaliwa. Usichukue blenda ama begi kwa katalogi ya benki, hizo zawadi huwa zinahesabiwa kwa bei ambayo hata duka la kwenye mol halithubutu kuandika.

KCB wana Simba Points, benki zingine zina majina yao, njia ni hiyo hiyo. Na usisahau Bonga, hizo Safaricom wamekuwa wakitupa tangu 2007 na kuna watu wana maelfu kwa laini ambayo ni ya kupokea tu simu za nyumbani. Piga *126# uone. Kila pointi ni senti tu lakini zinaweza kulipa kwa Lipa na M-Pesa, kwa hivyo zipeleke kwa shopping ile ile, usizimalize kwa dakika za kuongea.

Tiketi yenyewe unabuku kwa *639# ama kwa tovuti ya Kenya Railways, unalipa na M-Pesa. Andika jina na namba ya kitambulisho vile vilivyo, kule getini wanalinganisha. Treni ya saa mbili asubuhi inasimama njiani, Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi, Mariakani, hiyo ndiyo ya mtu anashukia kwao ama anataka kuona Tsavo mchana, na ukikaa upande mzuri ndovu wanaonekana bila kulipa geti la mbuga. Ya saa tisa na ya saa nne usiku ndizo za kwenda moja kwa moja. Mimi naona ya usiku ni nzuri kwa mwenye kuhesabu shilingi, unafika Miritini alfajiri na umeokoa hoteli ya usiku mmoja, ingawa viti vya ekonomi vinaangaliana, wima hivi, na utaamka umelalia bega la mtu humjui. Mzee wa magoti mabaya mpeleke fest klasi, ongeza pesa, usimwonee.

Desemba, Pasaka na shule zikifungwa tiketi zinaisha haraka sana, kwa hivyo pointi zigeuze Oktoba, usingoje Desemba 20. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Stesheni ya SGR iko Syokimau sio tauni, kuna treni ya kuunganisha kutoka ile stesheni ya zamani ya katikati ya jiji na ni rahisi kuliko teksi ya Mombasa Road wakati wa jam. Fika mapema, kuna ukaguzi wa mbwa ambapo mizigo inawekwa chini kwa mstari, halafu mashine, halafu kuchapisha tiketi. Treni haingoji mtu.

Upande wa Mombasa weka pesa ya kutoka Miritini kuingia mjini, ni mbali kidogo, na ukienda Diani ongeza feri ama ile barabara ya Dongo Kundu. Hapo ndipo ile 600 iliyobaki inaishia.

Sasa ng'ambo

Kwa ndege unasahau benki kwa muda. Chagua shirika moja ama kundi moja ujisajili, ni bure, na kila tiketi weka namba yako. Kenya Airways (KQ) wako kundi la SkyTeam tangu 2010, pamoja na Air France, KLM na Delta. KQ wana Asante Rewards yao, lakini safari ya KQ unaweza pia kuiandikisha Flying Blue, ile ya Air France na KLM, na kama ndoto yako ni Ulaya mimi ningeenda Flying Blue kwa sababu wana viti vingi zaidi vya kutumia na kila mwezi wanatoa ofa za maili zilizopunguzwa kwa ruti fulani. Wa Addis, Ethiopian wako kundi lingine, Star Alliance. Qatar na British Airways wote wanatumia maili zinazoitwa Avios tangu 2022 na unaweza kuzihamisha kati ya akaunti hizo mbili, kwa hivyo aliyepita Doha akienda kazi na aliyeenda London kusalimia shangazi wanaweka kwa chungu kimoja.

Maili nyingi za watu wa Nairobi hazitoki mfukoni mwao, zinatoka kwa kazi. Kampuni ama NGO inakutuma Kigali, Kampala, Lagos, Geneva. Tiketi imelipwa na wao, maili ni za mwenye kukaa kwa kiti. Kuna watu wamesafiri hivyo miaka mingi bila kuandika namba hata mara moja. Mashirika mengi yanakubali udai safari ya miezi michache iliyopita, kwa hivyo ile bodingi pasi usiitupe, na ukiipiga picha ni sawa. Lakini jua mwendo wake: ukiwa mgeni kwa Flying Blue, ndege za Air France na KLM zinakupa maili 4 kwa kila euro ya nauli, ushuru hauhesabiwi. Nauli ya euro 600 ni maili 2,400. Ni polepole. Tiketi za ofa kwa mashirika mengine unaweza kupata robo tu ya umbali ama usipate kitu.

Maili za Flying Blue zinakufa baada ya miezi 24 usipofanya kitu, Avios baada ya miezi 36. Weka alamu kwa kalenda ya simu. Na familia unganisheni, Flying Blue na British Airways wote wanaruhusu, juu baba ana 9,000, mama 7,000, na kila mmoja peke yake haendi popote.

Kabla ya kutumia maili fanya hesabu hii kila mara, hata ukiona kiti kizuri. Chukua bei ya tiketi kwa pesa, toa ushuru na chaji utakazolipa kwa tiketi ya maili, gawanya kwa maili zinazotakiwa. Mfano, tiketi ni 70,000, ya maili ni maili 30,000 na 25,000 za ushuru. 70 toa 25 ni 45, gawanya kwa 30, kila maili imekuletea shilingi moja na nusu. Wiki ijayo kuna ofa na tiketi ile ile ni 50,000, sasa maili haileti hata shilingi moja, lipa pesa na uweke maili zako. Watu huumia hapa, wanaona neno bure wanafunga macho, na ile 25,000 inakatwa kwa kadi.

Hizo chaji ni za kweli, usidhani unaibiwa, ingawa shirika nalo huongeza chaji yake ya mafuta na hapo ndipo mashirika yanatofautiana sana. Uingereza wana ushuru wa abiria kwa kila anayeondoka kwao kwa ndege, na kwa safari ndefu kama ya Nairobi ni zaidi ya pauni 80 hata ekonomi, na tiketi ya maili haikuokoi. Mtoto chini ya miaka 16 kwa ekonomi halipi. Kuna ujanja wa kupanda treni ya Eurostar kutoka London mpaka Paris na kuruka kutoka hapo, Ufaransa nao wanachukua euro 40 kwa safari ndefu tangu Machi 2025, kwa hivyo kuna nafuu. Kwa Mkenya ujanja huo unafia kwa visa. Utahitaji Schengen juu ya ile ya Uingereza, na Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024 kabla hujalipa tiketi ya Eurostar. Waachie wenye pasipoti nyekundu.

Na visa ndio sehemu ambayo pointi hazigusi kabisa. Ya Marekani dola 185, ya Uingereza zaidi ya pauni 100, na hazirudishwi ukinyimwa. Kwa hivyo visa kwanza, maili baadaye, ama ubuku maili kwa tiketi inayoweza kufutwa kwa chaji ndogo na usome masharti kabla. Hiyo ni faida moja ya tiketi za maili, nyingi zinafutika kirahisi kuliko tiketi ya ofa. Lakini pointi ukizihamisha kutoka programu moja kwenda nyingine mara nyingi hazirudi, kwa hivyo ona kiti kwa macho yako ndio uhamishe.

Ukiniuliza safari ya kwanza ya maili iwe wapi, nitasema Johannesburg. Tangu Januari 1, 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila visa mpaka siku 90 kwa mwaka, ndege ni ya masaa manne hivi, maili zinazotakiwa ni chache kuliko Ulaya. Beba cheti cha homa ya manjano, bila hicho unaweza kurudishwa. Na treni iko: Gautrain kutoka eapoti ya OR Tambo mpaka Sandton ni karibu robo saa, unagusa kadi yako ya benki getini, hakuna foleni ya tiketi, na hiyo nauli nayo inakuletea pointi.

Kama Ulaya ni lazima na visa unayo, tafuta tiketi ambayo treni iko ndani ya ndege. Air France wanauza tiketi ambapo unashuka Paris Charles de Gaulle, stesheni ya TGV, treni ya kasi ya Ufaransa, iko pale pale Terminal 2, unaendelea kwa treni mpaka Lyon ama kwingine na yote ni tiketi moja. Lufthansa wana mpango kama huo na Deutsche Bahn, reli ya Ujerumani, kutoka Frankfurt. Unapobuku usiandike jina la eapoti, andika stesheni: Brussels-Midi ni ZYR, Cologne ni QKL. Uzuri wake sio bei peke yake. Ndege ikichelewa ukakosa treni, ni wao wanakutafutia nyingine, wakati tiketi ya treni uliyonunua kando inakufa mkononi mwako na hakuna wa kumlilia.

Ukiwa huko

Kabla uondoke ambia benki unasafiri wapi, ama ufungue malipo ya nje kwa apu. Washa romingi ya laini ya Safaricom, sio ya kupiga simu, ni ya kupokea ile OTP, namba ya siri benki inakutumia kwa SMS ukilipa, bila hiyo kadi ni plastiki tu. Mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi ama kwa pesa ya huko, chagua ya huko kila siku, ile ya shilingi inaonekana ya kirafiki lakini wameweka kiwango chao cha kubadilisha na ni kibaya. Benki yako nayo itakata yake, ndio maana niliuliza mwanzo wanaongeza asilimia ngapi. Kama ni tatu na unapata pointi za nusu asilimia, tumia kadi huko kwa hoteli na vitu vya usalama, chakula lipa keshi.

M-Pesa GlobalPay, ile kadi ya Visa ya M-Pesa iliyotoka 2022, inalipa mtandaoni vizuri na haina deni wala riba, ila usiitegemee kwa pointi za benki. Ni ya yule asiyetaka kadi.

Tiketi yenyewe ya ndege, hata kama ni ushuru tu wa tiketi ya maili, lipa kwa krediti kadi na sio M-Pesa. Kadi za daraja la juu huja na bima ya safari na launji, lakini bima mara nyingi inashika tu kama tiketi ililipwa na kadi hiyo. Na shirika likianguka ama likakataa kurudisha pesa, kwa kadi unaweza kupinga malipo kupitia benki. Andika barua mapema, ambatanisha risiti, kuna muda wa mwisho.

Halafu ukiamua siku moja kadi imetosha unataka kuifunga, tumia pointi zote kwanza ungoje voucha ifike mkononi, lipa deni mpaka sifuri, ngoja stetimenti moja zaidi juu riba ya siku chache huwa inajificha hapo, ndio uombe kufunga na barua ya kuthibitisha. Pointi zikibaki kwa akaunti iliyofungwa zimeenda nayo.